Ua Lililogeukia Kushoto

Alasiri, jua linapoanza kuchoka, mwanga huingia katika ukumbi wa baraza kwa madirisha ya juu, ukapanda ukuta polepole kama mgonjwa anayejifunza kutembea upya, mpaka ukafika darini. Hapo ndipo maua ya plasta huamka. Mchana kutwa huwa meupe juu ya weupe, hata mtu akiinua uso haoni kitu cha kumshikisha macho. Lakini mwanga ukiyapiga ubavuni, kila jani hutupa kivuli chake, na vivuli vyote huinama kulia, kama nyasi zilizopitiwa na upepo mmoja. Vyote isipokuwa vya ua moja. Katika safu iliyo karibu na dirisha la mwisho, kuna ua ambalo majani yake yamegeukia kushoto.

Mjane alikuwa akija kulitazama saa hiyo. Alikuwa mshonaji, na cherehani yake ilikaa chini ya matao ya mbele ya jumba hilohilo, pamoja na za wenzake. Kazi ikiisha, aliifunika cherehani kwa kitambaa, akapanda ngazi huku mkasi ukiwa bado unaning'inia shingoni kwa utepe, akaingia ukumbini. Bawabu alikwisha mzoea, naye hakumwuliza kitu. Alisimama chini ya ua, akainua uso, akakaa hivyo mpaka mwanga ulipoondoka. Hakuwa akiomba wala kulia. Alitazama tu, kama mtu anavyomtazama mwenzake aliyelala, akihofia kumwamsha.

Makaburini hakuwa mwendaji sana. Alikwenda alipopaswa kwenda, aking'oa magugu, akirudi. Kule kulikuwa na udongo na jina, na jina lenyewe liliandikwa na mkono wa mtu mwingine. Hapa palikuwa na kazi ya mkono wa mumewe.

Jumba la mji lilijengwa na watu ambao hakuna tena aliyewakumbuka. Lilikuwa jumba la watu waliopenda vitu vikae viwiliviwili. Kila dirisha lilikuwa na mwenzake upande wa pili, kila nguzo ilitazamana na pacha wake. Ngazi kuu ilipanda moja, ikafika kati, ikagawanyika kama maji yaliyokutana na jiwe, mkono mmoja kulia na mwingine kushoto, kisha mikono hiyo ikakutana tena mbele ya mlango wa ukumbi. Aliyelichora alikuwa mjanja. Alikupitisha kwanza kwenye kibaraza chenye dari ya chini mpaka ukainamisha kichwa bila kutaka, halafu akakufungulia ukumbi mrefu kwenda juu, ukajiona mdogo, ukashusha sauti. Watu waliokuja kugombania mipaka ya viwanja walijikuta wananong'ona.

Mumewe alipokuwa hai, mpangilio ule wa viwiliviwili haukumsumbua. Sasa ulimkera. Aliona jumba zima limejaa wenzi, na yeye akipita katikati yao peke yake.

Ua lile lilikuwa na kisa chake. Miaka mingi nyuma, wakati wao ni maharusi waliooana juzi, mvua ilipenya paa, ikakaa juu ya dari wiki baada ya wiki, na ua la zamani likaanguka juu ya meza ya madiwani katikati ya kikao. Ilisemekana kwamba madiwani wale, ambao tangu asubuhi walikuwa hawajaafikiana hata juu ya jambo moja, walipiga kura moja ya miguu, wote kuelekea mlangoni. Mumewe, fundi lipu kijana mwenye mkono mwepesi, akaitwa kutengeneza jingine.

Ua la plasta halichongwi, humiminwa katika kalibu, shimo lenye umbo lake. Na kalibu ina ukaidi wake: kilicho kulia ndani yake huzaliwa kushoto. Mafundi waliokulia katika kazi ya dari hulijua jambo hilo kama wanavyojua njia ya kwao. Mumewe alikulia katika kuta. Aliyatazama maua yaliyobaki, akachonga shimo la ua katika bonge la udongo jani kwa jani, kama alivyoliona, akamimina plasta, akalipandisha, akalibandika. Juu pale, pua ikikaribia kugusa dari, hakuona kasoro. Jukwaa lilipobomolewa na mwanga wa alasiri ukaingia, mafundi wenzake wakainua nyuso, wakaanza kucheka mmoja baada ya mwingine. Tangu siku hiyo jina alilopewa na wazazi wake likabaki kwenye vyeti tu. Mji mzima ulimwita Kinyume.

Jioni ile alirudi nyumbani, akakaa kizingitini bila kuvua viatu. Mkewe alimwuliza kuna nini.

"Mke wangu," alisema, "na mimi leo nimekata miguu miwili ya kushoto."

Mkewe alicheka mpaka akalazimika kukaa chini, kwa kuwa alijua anachosemea. Siku chache kabla ya hapo, yeye aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kushona, alikata kaptula ya shule ya shemeji yake mdogo, ambaye walikuwa wakimlea baada ya wakwe kufariki. Alisahau kukigeuza kitambaa. Akakata, akapiga bandi, mshono wa kushikiza tu, akashtukia ana miguu miwili ya kushoto na hana wa kulia hata mmoja. Kaki ilikuwa hiyohiyo, hapakuwa na nyingine. Alilia kwa aibu ya mke mgeni. Mumewe aliiokota ile kaki iliyoharibika, akaikunja, akaitia katika mfuko wake wa vifaa. "Kitambaa hakiozi bure," alisema, na hakuzungumza tena habari yake.

Hivyo ndivyo walivyoanza maisha, kosa kwa kosa, na baada ya hapo hakuna aliyeweza kumringia mwenzake.

Chokaa ya mji ule ndiyo iliyommaliza. Alipiga lipu nyumba za watu miaka yote, na vumbi alilolipumua liliketi kifuani mwake likajenga kuta zake lenyewe. Mwisho wake alikuwa akilala ameketi. Mkewe alikuwa akimwinua kichwa kwa kiganja ili anywe maji, na kichwa kile, kilichokuwa kizito siku zote za uzima, kiliendelea kuwa kizito hata mwili ulipobaki mifupa. Uzito ule kiganja chake hakikuusahau.

*

Habari ya ukarabati wa jumba ililetwa na Vifungo, mshonaji mzee wa tao la jirani, aliyeitwa hivyo kwa sababu hakuna shati lililopita mikononi mwake likatoka na kifungo kimoja pungufu. Washonaji wote watahamia ng'ambo ya barabara, alisema, chini ya turubai, mpaka kazi iishe. "Bibi harusi anaogeshwa," aliongeza, akikusanya nyuzi zake. "Sisi wengine tusubiri nje, tusije tukaona yasiyotuhusu."

Siku ya pili alikuja shemeji yake. Mtoto yule wa kaptula sasa alikuwa fundi mkubwa wa plasta, mwenye mvi za kwanza na sauti ya chini. Watu walimwita Timazi, kwa sababu ukuta wake haukupotoka hata unywele, na maneno yake vilevile. Alivuta kigoda, akakaa karibu na cherehani, akaeleza kwamba kazi ya dari ya ukumbi amepewa yeye. Mjane alimpongeza kwa moyo wote. Kisha Timazi akainama mbele kidogo, kama mtu aliyeficha zawadi nyuma ya mgongo.

"Lile ua la kaka nitalitoa, shemeji. Nitaweka lililo sawa. Jina lile litakufa."

Mguu wa mjane ulisimama juu ya kanyagio. Alitaka kusema neno, lakini uso wa shemeji yake ulikuwa na furaha ambayo hakuwa ameiona tangu msibani, na mtu hamwagi maji ya aliyetembea mbali kuyachota. Akasema ahsante. Akaendelea kushona, na mshono ule baadaye ilibidi aufumue.

Siku zilizofuata hakulala vizuri. Mwishowe alikwenda kumwona msanifu wa kazi ile, dada mmoja mpole aliyevaa kofia ngumu ya kazi na kuzungumza na kuta kwa kuzipapasa. Mjane alimweleza kwa kirefu, akazunguka, akafika. Msanifu alimsikiliza bila kutazama saa.

"Mama, mimi nimeajiriwa kulirudisha jumba hili lilivyokuwa siku lilipofunguliwa," alisema. "Lakini ua moja halinikoseshi usingizi. Fundi wa dari akisema libaki, litabaki. Mzungumze."

Mjane alishuka ngazi akilirudia lile neno. Lilivyokuwa siku lilipofunguliwa. Siku hiyo yeye alikuwa hajazaliwa, wala mumewe. Ina maana kulirudisha jumba ni kuwatoa wote waliokuja baadaye: aliyeziba ufa, aliyepaka rangi isiyofanana, aliyekalia ngazi akimsubiri mwenzake mpaka jiwe likang'aa. Aliushika mkono wa ngazi. Ubao wake ulikuwa umelainishwa na viganja vya watu waliokwisha kufa, na aliona ajabu kwamba kiganja cha mumewe kilikuwa humo mahali fulani, hakitenganishiki na vya wengine.

*

Alimpelekea Timazi chakula cha mchana ukumbini. Jukwaa lilikuwa limekwisha simama, mabomba na mbao mpaka darini. Wasaidizi walikuwa wametoka kula. Juu ya meza, chini ya gunia lililoloweshwa, palikuwa na ua jipya.

Timazi alilifunua. Lilikuwa zuri. Mjane hakuweza kulikana hilo. Majani yalipinda kulia kwa utulivu, kila moja likimpokeza mwenzake zamu, na kingo zake zilikuwa kali kama kitambaa kilichopigwa pasi.

"Shemeji," alisema, "liache lile la zamani."

Timazi alilifunika ua tena. Alichukua muda mrefu kulinyoosha gunia lisilohitaji kunyooshwa. Alimwuliza kama anajua maana ya kwenda shule ukiitwa mdogo wake Kinyume, kukosea hesabu moja na darasa zima likasema ni ukoo. Alisema hilo halikumwuma sana, utoto hupita. Kisha akaendelea bila kumtazama.

"Siku ya mazishi hukusikia, wewe ulikuwa umekaa na wenzako. Tulipokuwa tunamshusha, mtu nyuma yangu akasema, mwangalieni vizuri, asije akalala kinyume. Wakacheka. Si kwa ubaya, shemeji, mafundi ndivyo walivyo, walikuwa wamechoka na huzuni. Lakini mimi nilikuwa nimeshika kamba. Sikuweza hata kugeuka nimwone ni nani."

Sauti yake haikuwa kubwa, ila ukumbi ule uliyachukua maneno, ukayapandisha, ukayarudisha.

Mjane alikaribia kumwambia kwamba kaka yake, angesikia, ndiye angecheka kuliko wote. Lilikuwa kweli, na lilikuwa ulimini. Akalimeza. Aliona mikono ya shemeji yake imekaa juu ya gunia, nayo ilikuwa bado imekunjwa kidogo, kama mikono iliyoshika kamba. Mwaka na zaidi alikuwa akidhani huzuni ya nyumba ile imemkalia yeye peke yake. Kumbe kila mmoja alichukua upande wake wa marehemu, akaondoka nao, akidhani amembeba mzima.

"Basi litoe," alisema hatimaye. "Lakini niwepo."

"Halitatoka zima, shemeji. Plasta ya zamani ikiguswa ni unga."

"Najua. Nilifua nguo zake."

*

Ilikuwa alasiri ya siku iliyofuata. Timazi aliwaruhusu wasaidizi wake mapema, akakoroga plasta ya kubandikia kwenye ndoo, akapanda nayo jukwaani, na ua jipya akaliacha mezani tayari. Mjane alisimama chini, mahali pake pa siku zote, mkasi shingoni. Alikuwa ametoka kwenye cherehani bila kuuvua.

Patasi iligonga. Vumbi jembamba likashuka, likamtua mabegani na juu ya kitambaa cha kichwa, naye hakulipangusa. Timazi alifuata ukingo wa ua polepole, akilizunguka kama mtu anayetafuta mlango. Kila pigo lilijibiwa na kuta za pande zote mbili. Kisha kukasikika mlio mkavu, kama kuni inavyolia motoni, na mjane akafumba macho asilione likianguka.

Hakikuanguka kitu.

Alipofumbua macho, ua lilikuwa limeshuka kadiri ya shibiri moja, likasimama hewani. Lilikuwa limepasuka vipande, lakini hakuna kipande kilichomwacha mwenzake. Lilining'inia vile, likiyumba kidogo, majani yake yote yakitazama kushoto.

Timazi aliusogelea ufa. Kisha sauti yake ikaja kutoka juu, imebadilika.

"Kuna kitambaa ndani. Kimelishika." Akakipapasa. "Naomba mkasi, shemeji."

Mjane aliushika mkasi shingoni mwake. Hakuuvua amrushie, wala hakuufunga kwenye kamba ya ndoo. Alijifunga vizuri kiunoni, akashika mabomba, akaanza kupanda. Magoti yake yalilalamika na mbao zikalalamika pamoja nayo. Hakutazama chini. Alipofika, Timazi alimpa mkono, akamsogezea nafasi.

Kwa karibu, ua halikuwa zuri. Lilikuwa kubwa kuliko alivyodhani, lenye mikwaruzo, na alama za mwiko zilionekana. Juu yake, kati ya ua na dari, kilitoka kitambaa kilichogandamana na plasta. Mafundi huweka katani ili plasta ishikamane. Mwaka ule, pengine, katani haikuletwa. Timazi alikuwa amekipangusa vumbi upande mmoja kwa kidole, na rangi yake ilikuwa imejitokeza.

Ilikuwa kaki. Ukingoni mwake ulipita mshono wa bandi, wa uzi mwekundu, hatua zake ndefu na fupi, zimepinda kama njia ya mtu anayejifunza.

"Hii si kaptula yangu?" Timazi aliuliza.

"Miguu miwili ya kushoto," mjane alisema.

"Muhula mzima nilivaa ile iliyotoboka." Alikuwa akiutazama uzi mwekundu bila kupepesa. "Kaka aliniambia kaki imeliwa na panya. Akanionyesha hadi tundu lao."

Mjane alimgeukia. Panya hawakuwahi kuwamo katika nyumba ile. Alikuwa mke mgeni na alifagia mara mbili kwa siku. Alilitazama tena ua, lililoachwa wazi juu ya vichwa vya mji mzima miaka yote ile ili kila apitaye acheke, na kitambaa kilichofichwa nyuma yake. Kosa lake aliliacha lionwe na wote, la mkewe akalificha.

Alivipitisha vidole vyake katika matundu ya mkasi. Kwa mkono wa pili alilikinga ua kwa chini, asije akalikata likamponyoka, na uzito wake ukaketi katika kiganja. Kiganja kikautambua kabla yake.

Wakati huo mwanga ulikuwa umekwisha upanda ukuta. Ulifika darini ukapita mbele yao, ukayagusa maua moja baada ya jingine, na vivuli vikalala kulia, safu kwa safu, mpaka karibu na dirisha la mwisho.

"Plasta ya ndoo inaanza kuganda, shemeji," Timazi alisema kwa upole.

"Iache igande."

Timazi aliitazama ndoo. Akaweka patasi chini bila kutoa mlio, akasogea, akaingiza kiganja chake chini ya ua, kando ya kiganja cha shemeji yake. Kule ng'ambo ya barabara cherehani ya Vifungo ilisikika ikienda, ikasimama, ikaenda. Mwanga uliwafikia mikononi. Mkasi ulikuwa bado wazi, haujakata kitu.